Mama Redio Afunga Mdomo

Haya, nyinyi mliopiga simu gazetini wiki nzima mkilalamika, salamu zenu zimefika. Na yule dada aliyemwambia mhariri kwamba hali mpaka ajue Mama Mkwe alijibiwa nini, tafadhali ale. Tunaendelea pale pale tulipokatia.

Mama Mkwe amesimama mlangoni mwa saluni, mtandio umemzunguka uso mpaka yamebaki macho tu. Mama Redio amesimama katikati, chanuo hewani, mdomo wazi, na hakuna kinachotoka.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo, pengine kwa kufutia vioo, nikupe habari upesi upesi. Mama Redio ni msusi, na jina lile mtaa haukumpa bure. Kichwa kikiingia kwake kinatoka kimesukwa, na kinatoka na habari za nyumba zote za jirani, pamoja na za nyumba ambazo bado hazijajengwa.

Lakini moyo anao. Yeye na majirani wana kikundi cha kujitolea, kinaongozwa na Mwalimu wa Chekechea. Wanachangisha kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali waliozaliwa na mdomo wa juu uliopasuka. Wapo madaktari, nao wa kujitolea, wanaozunguka dunia kuwashona watoto hao. Mwaka huu ilikuwa zamu ya wilaya moja ya milimani, upande wa pili wa dunia, na safari ilikuwa imeshaahirishwa kwa sababu michango haikutosha.

Hapo ndipo aliposimama Bwana Nondo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililotazamana na saluni, mtu anayependa mzaha kuliko anavyopenda wateja. Akasema chochote kitakachopatikana mtaani, yeye ataongeza kingine kama hicho juu yake. Sharti moja tu: Mama Redio akae kimya siku nzima, tangu anapofungua saluni mpaka anapofunga. Akitamka neno moja, Bwana Nondo hatoi hata msumari.

Watu walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Mama Redio hakucheka. Alisema amekubali, na alitumia maneno mengi sana kusema hivyo.

Mwamuzi wakamchagua Refa, mstaafu wa viwanjani, ambaye aliwahi kumpa shemeji yake kadi nyekundu kwenye fainali, na mpaka leo kwenye shughuli za ukweni haalikwi. Refa alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, filimbi shingoni, akatangaza sheria. Hakuna kusema, hakuna kuandika, hakuna simu. Ishara ruksa. Ila asubuhi wateja walipoanza kutafsiri ishara za Mama Redio, na umbeya ukaendelea kama kawaida, Bwana Nondo alikuja juu, na Refa akaongeza sheria nyingine: akisemewa, amesema.

Kwa hiyo sasa mmeelewa. Hakuna mtu humo ndani anayeweza kumweleza Mama Mkwe kinachoendelea. Bango la kutangaza shughuli lipo, lakini limebandikwa kwenye mlango, na mlango umefunguliwa mpaka ukutani. Bango linasomwa na ukuta.

Na Mama Mkwe, baada ya miaka yote ya kununiana, alikuwa amesema hivi:

"Nimekuja tuyamalize. Kama umenisamehe, nijibu. Kutikisiwa kichwa sitaki, nataka nisikie kwa mdomo wako. Ukinyamaza, nimeshaelewa, na sitakusumbua tena."

Ndiyo maana chanuo liko hewani.

Kosa lenyewe lilikuwa la siku Mama Redio alipoolewa na mwanawe. Mshereheshaji alimpelekea Mama Mkwe kipaza sauti ampe bibi harusi neno. Mama Mkwe alikisukuma, akavuta mtandio mdomoni, akainuka na kutoka ukumbini mbele ya wageni wote. Bibi harusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Tangu siku hiyo hawakukanyagiana mlango. Mume, fundi wa friji, mtu mpole asiyeweza kugombana hata na friji, alikuwa akienda kumwona mama yake peke yake, na akirudi anamkuta mkewe amegeukia ukutani.

Sasa Mama Redio alitazama kulia, akatazama kushoto. Kwenye kiti alikuwepo mteja aliyesukwa nusu kichwa, amejishika mdomo kwa mikono miwili asije akaropoka. Chini ya draya alikuwepo mteja mwingine, hasikii kitu kwa ule upepo, naye alimtabasamia Mama Mkwe na kumuuliza kwa sauti kubwa kama huko nje kuna foleni.

Mama Mkwe hakuja kuzungumzia foleni. Alikuwa anangoja jibu lake.

Mama Redio akaweka chanuo chini. Akapiga magoti, akakutanisha viganja. Mama Mkwe akasema kupigiwa magoti hataki, yeye si msikiti wala kanisa. Mama Redio akainuka, akawaza upesi. Ishara ruksa. Amweleze kwamba leo mdomo umefungwa. Basi akachukua vidole viwili, akaubana mdomo wake wa juu, akaukunja, akauvuta pembeni namna ya mtu anayefunga zipu.

Mtu yeyote duniani angeelewa. Mtu yeyote, isipokuwa huyu aliyesimama mlangoni.

Mama Mkwe aliganda. Macho yakamlegea kwanza, halafu yakawaka.

"Kumbe amekwambia," akasema polepole. "Mwanangu alikula kiapo, na bado amekwambia. Na wewe unaniigiza, mbele ya watu."

Mama Redio akatikisa kichwa, akatikisa mikono, akatikisa mwili mzima. Hakujua anakataa kitu gani, ila alijua anakikataa.

"Ulitaka kuona, basi ona," akasema Mama Mkwe, akashusha mtandio.

Kovu lilianzia kwenye mdomo wa juu likapanda mpaka puani. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umevutwa juu, ukaacha jino moja nje. Mshono wa zamani, wa mtu aliyekuwa na haraka. Ukasikika upepo wa draya peke yake.

Alikuwa amezaliwa hivyo. Aliyasema yote akiwa wima pale mlangoni, na sasa Mama Redio aliisikia vizuri ile sauti ya kupitia puani, ambayo miaka yote alikuwa akiwaambia wateja kuwa ni sauti ya maringo. Mama Mkwe alishonwa akiwa msichana mkubwa, na daktari mgeni aliyepita mara moja akaenda zake. Mdomo uliungana, lakini sauti ilikuwa imeshazoea njia yake. Shuleni alisimamishwa asome mbele ya darasa, na darasa zima likamwigiza mpaka kengele. Hakusimama tena mbele ya watu. Aliongea jikoni, aliongea na mwanawe, sokoni alinyoosha kidole.

Na kwa harusi alikuwa amejiandaa. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa na maneno ya kumwambia bibi harusi, aliyafanyia mazoezi huku akifua, peke yake na beseni lake, ili amwambie pembeni, wawili tu. Kumbe mshereheshaji akamletea lile dude puani, ukumbi mzima umegeuka, na maneno yote yakakwama kooni. Akatoka nje akalia nyuma ya matangi ya maji.

"Nilikuaibisha, najua," akamaliza. "Ndiyo nimekuja. Lakini sikujua kama nitachekwa."

Mama Redio alipatwa na aibu ya kumtosha mtu na ukoo wake. Alikumbuka kila kichwa kilichopita mikononi mwake, na kila kichwa alichokihadithia juu ya mkwe mwenye majivuno. Machozi yakamtoka. Maneno yakapanda kutoka tumboni, yakapita kifuani, yakafika kwenye meno yakajipanga. Potelea mbali Bwana Nondo na michango yake. Akavuta pumzi.

Refa akaweka filimbi mdomoni.

Na hapo hapo, kwenye kona ya kioo, Mama Redio akaiona picha. Ilikuwa imebandikwa na Mwalimu wa Chekechea asubuhi, ili ampe moyo: msichana mdogo wa kule milimani, sweta limefumuka mikono, ameshika kikombe cha bati mbele ya mdomo wake kama anakunywa, lakini macho yake yanamtazama mpiga picha moja kwa moja. Zamu yake ilishapita mara moja bila daktari kufika. Ikipita tena, hakuna anayejua.

Mama Redio akaimeza ile pumzi. Iliuma kushuka. Akabandua picha, akaenda nayo mlangoni, akamwekea Mama Mkwe mkononi.

Refa alisimama. Akajiuliza kama picha ni maandishi. Alikuna kichwa, akaigeuza kuona kama nyuma imeandikwa kitu, akarudi kukaa. Mchezo uendelee.

Mama Mkwe aliitazama ile picha muda mrefu.

"Mimi nilikuwa natumia bakuli," akasema. "Mtu akija nyumbani, nilikuwa nakimbilia bakuli. Walidhani nina kiu sana."

Halafu akauliza huyu ni mtoto wa nani, na picha yake inafanya nini kwenye saluni ya mtu. Mama Redio akauvuta mlango kutoka ukutani. Bango likatokeza. Mama Mkwe alilisoma kwa sauti ya chini, kila neno na pumzi yake. Watoto. Midomo. Madaktari. Nchi za mbali. Na mwisho, kwa herufi kubwa nyekundu: MAMA REDIO LEO HASEMI.

Akarudia mstari wa mwisho. Akamtazama mkwe wake, akatazama bango, akamtazama tena.

"Wewe? Tangu asubuhi?"

Mama Redio akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamtiririka.

Mama Mkwe akaanza kucheka. Alicheka mtandio ukiwa bado shingoni, kovu nje, jino nje, hajali. Akasema kama ni hivyo basi amekuja siku nzuri, maana miaka yote alikuwa anaogopa kwamba akija hatapewa nafasi ya kumaliza sentensi. Mteja wa nusu kichwa aliachia kicheko mpaka Refa akamkodolea macho. Mama Mkwe akavuta kigoda, akakaa, akasema jibu lake atalingoja hapa hapa mpaka saluni ifungwe.

Ningeweza kuishia hapo nikawaacha mlale vizuri. Lakini mnamjua Bwana Nondo.

Alikuwa amesimama dukani kwake muda wote huo, anaona watu wanacheka saluni bila yeye. Hilo hakuliweza. Saa ya kufunga ilikuwa inakaribia, na Mama Redio alikuwa bado hajateleza. Bwana Nondo akavuka barabara, akaingia na tabasamu la mtu aliyeficha chura mfukoni. Alipoambiwa huyu mama mgeni ni nani, tabasamu likapanuka.

"Ahaa," akasema, "kumbe huyu ndiye Kufuli."

Mteja wa nusu kichwa akafumba macho. Mama Mkwe akauliza Kufuli ni nani. Bwana Nondo, bila kujua anachezea moto wa namna gani, akaeleza kwamba mtaa mzima unamjua kwa jina hilo, kwa kuwa hafungui mdomo, na aliyelitunga ni msusi mwenyewe. Akamgeukia Mama Redio akamwambia kama anamsingizia, aseme. Neno moja tu, aseme si kweli.

Yeye aliona ni utani. Alikuwa hajaliona kovu, maana Mama Mkwe alishapandisha mtandio alipomwona anaingia. Refa alimwangalia kwa jicho ambalo huko nyuma lilikuwa likitoa watu uwanjani, lakini sheria ni sheria, na sheria haimkatazi mchangiaji kuwa mjinga.

Mama Mkwe hakumtazama Bwana Nondo. Alimgeukia mkwe wake.

"Uliniita hivyo?"

Kutikisa kichwa ni ruksa. Angeweza kukitikisa kulia na kushoto, uongo mdogo wa kulinda amani, na yeye katika maisha yake ameshasema mikubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi. Shingo ilimuuma. Akakishusha kichwa mara moja, taratibu. Ndiyo.

Mama Mkwe akainuka kwenye kigoda. Akatoka nje.

Mama Redio alimfuata mpaka kizingitini, akaishia hapo. Alijua anamwona kwa mara ya mwisho, na alijua amejitakia. Refa alikuja akasimama kando yake, filimbi mkononi. Bwana Nondo alipita pembeni yao haraka haraka akarudi dukani kwake, maana mteja wa nusu kichwa alikuwa amemwinamia sikioni na kumwambia habari za lile kovu, na rangi ilikuwa imemtoka.

Lakini Mama Mkwe hakwenda kituo cha basi. Alikwenda barabarani, alikokuwa amesimama Mwalimu wa Chekechea na ndoo ya michango. Mwalimu alikuwa ameshakaukiwa sauti kwa kuita watu tangu asubuhi, na watu walikuwa wanapita tu, wengine wanajifanya wanapokea simu. Mama Mkwe akanyoosha mkono. Akaomba kipaza sauti chake cha mkononi.

Refa alichomoka mbio kama siku zake za ujana. Akamwambia kwa heshima zote kwamba akimsemea mkwe wake, mkwe wake ameshindwa.

"Simsemei yeye," akajibu Mama Mkwe. "Najisemea mimi."

Refa akafikiri. Akarudi mahali pake.

Mama Mkwe akakishika kipaza sauti vibaya, Mwalimu akamgeuzia. Akashusha mtandio. Mtaa ule haukuwahi kusikia sauti ile, na ilipotoka, nene, ya puani, inakwaruza, kijana mmoja wa kuosha magari alicheka. Mama Mkwe akanyamaza. Mama Redio, pale kizingitini, aliuma kidole chake mpaka kikaacha alama.

Kisha ile sauti ikaendelea.

"Mimi ndiye Kufuli. Mwaniona mdomo wangu. Nilishonwa na mtu asiyenijua jina, aliyesafiri kutoka mbali, na waliolipia safari yake sikuwahi kuwaona. Labda walikuwa watu kama nyinyi, wanatoka kazini, wana haraka. Kuna mtoto leo ameshika kikombe, amejificha. Anawangoja nyinyi."

Yule kijana wa kuosha magari alikuwa wa kwanza kwenda kwenye ndoo. Aliweka alichokuwa nacho, akabaki amesimama anaangalia viatu vyake. Wakaja wengine. Waliojifanya wanapokea simu walikata hizo simu. Mwalimu wa Chekechea alikuwa analia na kushukuru bila sauti, mdomo unafunguka na kufungika tu. Kule ng'ambo, kwenye ngazi za duka lake, Bwana Nondo alikuwa ametoa leso na kujigeuza, anajifanya anafuta vumbi kwenye nondo, na tangu lini mtu akafuta nondo kwa leso?

Mama Mkwe alidhaniwa amemaliza. Lakini aligeuka, akamtazama Mama Redio.

"Na yale maneno ya siku ya harusi," akasema, "nimechelewa nayo, ila bado ninayo. Nilitaka kumwambia bibi harusi kwamba mimi sikujaliwa binti, na kwamba nyumbani kwangu asibishe hodi. Aingie tu. Basi, ni hayo."

Hakuna aliyejua ilitokaje, hata Mama Redio mwenyewe. Siku nzima alikuwa ameshinda na yale maneno yake, ameyameza kwa maelfu, moja baada ya jingine. Hili lilikuwa dogo, na lilipita katikati ya kwikwi kabla hajaliona.

"Mama."

Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita mama wa mume wangu, au yule.

Lilitoka kwa sauti ndogo sana. Bwana Nondo, kule na leso yake, hakulisikia. Mwalimu hakulisikia, na watu waliojazana kwenye ndoo hawakulisikia. Refa alilisikia, maana alikuwa amesimama bega kwa bega naye. Alimeza mate. Akatazama juu kama anatafuta ndege. Akaitia filimbi mfukoni, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, Refa alikuwa hajaona kitu.

Lakini Mama Mkwe alikuwa akimtazama mkwe wake mdomoni. Tangu utoto wake alikuwa mtu wa kutazama midomo ya watu, na neno lile alilisoma lote. Uso ukamchangamka kama wa msichana. Akasahau bango, akasahau sheria, akasahau hata alichoshika mkononi.

"Jamani mmesikia?" akaita, na kipaza sauti kikaibeba sauti yake mpaka mwisho wa mtaa. "Amenijibu! Ameniita Mama!"

Mtaa mzima ukageukia saluni. Kule ng'ambo, Bwana Nondo akakunja leso yake, akaitia mfukoni, akaanza kuvuka barabara.